Sentimita Moja ya Mtera

Mvua inayonyesha Njombe mjini na ile ya upande wa Makambako na Wanging'ombe huachana njia mapema. Ya Njombe huingia Mto Ruhudji na kushuka Kilombero. Nyingine huteremka na Mto Mbarali, ikatandaa Usangu na Ihefu, ikafuata Ruaha Mkuu hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Maji yote hayo hukutana Mto Rufiji, kabla ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere.

Mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti Aprili 2024, mjadala uliwaka juu ya maji yaliyofunguliwa bwawani. Kwangu swali zito ni hili: anayefungua geti anajuaje maji kiasi gani yanakuja?

Kompyuta inayoendesha mageti ya utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, haiuoni mto. Husoma kina cha bwawa, ikachukua maji yanayotoka, ikajumlisha na yaliyoongezeka, ndipo ikapata yanayoingia. Kanuni yake ni kwamba mafuriko yanapopanda, yanayotolewa yasizidi yanayoingia, na geti linyanyuke kidogo kidogo ili walio chini wawahi kuhama.

Hesabu hiyo ni rahisi kuikosea. Mtera ikijaa hufikia takribani kilomita za mraba 600, kwa hiyo sentimita 1 tu ni mita za ujazo milioni 6. Upepo ukisukuma maji ukutani na kihisi kikasoma sentimita hiyo ndani ya saa moja, kompyuta itaamini kwamba mto umeleta zaidi ya mita za ujazo 1,600 kila sekunde. Mafuriko makubwa, na jua linawaka!

Ndiyo maana hutumika wastani wa saa kadhaa, na vihisi vitatu badala ya kimoja. Lakini hata vihisi vingi havisaidii vikikosea pamoja. Huko Missouri, Marekani, Desemba 2005, mabomba yaliyobeba vihisi vya bwawa la Taum Sauk yaling'oka kwenye vishikizo, kina kikasomeka pungufu. Pampu zinazolijaza bwawa hilo ziliendelea kusukuma maji mpaka maji yakapita juu ya ukuta na kuubomoa.

Kusubiri wastani nako hula muda. Muda huo unafidiwa sehemu za juu za mito, kwenye vituo vya kupima mvua na mito. Upande wa Ruhudji ndio unaonihangaisha zaidi, maana hakuna bwawa kubwa njiani hadi Nyerere. Bajeti ya mageti ya kisasa iwe na fungu la msomaji wa kipimo kule Njombe, na la betri itakayotuma namba zake hata radi ikikata umeme.