Kujifundisha hakingi: anza na mashini, si na programu ya kununua

Wandugu wanafunzi, na ninyi wenye diploma iko kwa sanduku na kazi bado: inawezekana kujifundisha hakingi peke yako, bila minervali. Mimi nilisoma agronomia. Kwetu, kiwavi wa mahindi anaingia ndani ya moyo wa mmea, na dawa ikipita juu haimufikii. Usipojua anaishi namna gani, unapoteza dawa bure. Hakingi njo vile: kujua mashini inafanya kazi namna gani mpaka uone mahali iliachwa wazi.

Ile programu wanauza dola kumi ya "kufungua WhatsApp ya mtu", achana nayo. Ukiiweka kwa telefone yako, mara nyingi anayefunguliwa ni wewe. Wengine wanakimbilia Kali Linux. Ni kazi nzuri, lakini walioitengeneza wenyewe wanasema haifai kwa mtu ambaye hajazoea Linux.

Anza na Bandit, muchezo wa bure wa OverTheWire. Huna ordinatere? Telefone ya Android yenye Termux inatosha, unaongeza ssh ndani. Ni maandishi matupu, hakuna video, basi mega hazikimbii. Unaingia katika mashini yao kwa ruhusa yao, na kila hatua unatafuta neno la siri la hatua inayofuata.

Hatua ya kwanza ni kusoma faili tu. Ya pili njo inafundisha. Kuko faili ambalo jina lake ni kistari kimoja: -. Unaandika cat, ile amri ya kusoma faili, unaweka kistari, unabonyeza. Kimya. Hakuna kosa, hakuna jibu. Wengi wanafikiri koneksio imekatika. Hapana: kwa cat, kistari maana yake "soma kile mtu ataandika kwa klavie", na sasa inakungojea wewe! Lazima uionyeshe kwamba ni faili, kwa kuandika mahali lilipo. Jibu kamili sikupi, tafuta.

Unaona kilichotokea? Wewe uliandika jina, mashini ikasikia amri. Udhaifu mwingi wa tovuti uko hapo. Katika kisanduku cha jina, mtu anaandika maneno ya SQL, na programu iliyoandikwa vibaya inayafuata kama amri, inamutolea orodha ya watu wote. Hiyo utaizoeza bure kwa Web Security Academy ya PortSwigger, ama kwa DVWA, tovuti mbovu kwa makusudi, unayoiweka katika mashini yako mwenyewe. Kingereza kidogo kitahitajika, hakuna njia ya kukwepa.

Sasa ya sheria. Kwetu kuko Code du numérique, Ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuiba kitu. Basi tovuti ya pointi za chuo chenu usiiguse, hata "kwa kujaribu tu". Ukikutana na mlango wazi bila kuutafuta, simama hapo, muandikie mwenyewe. Ukishakomaa, kuko kampuni zinazolipa kwa kazi hiyo kupitia HackerOne: zinaandika wazi ni sehemu gani unaruhusiwa kupima. Usome ile karatasi mara mbili mbele ya kugusa kitu.

Bandit iko na hatua zaidi ya thelathini. Fika ya kumi kwanza, na daftari pembeni: amri gani, ilifanya nini, kwa nini.