Feki Ndiyo Orijino Yetu

Wana, tuambizane ukweli. Ukimsikia mtu wa Ilala, Magomeni au Temeke anasema alikuwa na Nintendo, mara nyingi anaongelea mashine ya Kichina: kaseti ya njano, pedi mbili zenye waya mfupi, na adapta inayochemka mpaka unaizima kwa uoga. Nintendo halisi zilikuwa za watoto wa kishua, wenye mjomba Ulaya. Sisi wa uswazi tulidaka kopi. Na mimi nasema bila kupepesa macho: hizo kopi ndizo za kusaka, kutengeneza na kutunza. Feki ndiyo orijino yetu.

Siku hizi kuna masela wengi tu wanaozama Kariakoo kusaka gemu za zamani. Wengine wanaisaka PS1, wengine ile mashine ndogo ya matofali ya mkononi yenye maandishi "9999 in 1" ambayo karibu kila kitaa ilipita. Ni mzuka safi, nauunga mkono. Ila naona wengi wanafuata macho ya Wazungu. Wanataka boksi, wanataka nembo ya kweli. Sawa, Marekani huko Agosti 2021 kaseti moja ya Super Mario Bros. ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa dola milioni 2. Mkwanja mrefu. Lakini kaseti ambayo haijafunguliwa haijachezwa na mtu, na mimi sina cha kukumbuka kwenye kitu ambacho hakijachezwa.

Angalia tulivyofika hapa. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ITV na wenzao walipowasha mitambo. Zanzibar walitutangulia mbali, wao walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970. TV zilipoanza kumiminika Dar, gemu nazo zikaingia kwa mlango huohuo, kwenye mizigo ya watu wa Dubai. Famicom, mashine mama ya Nintendo, ilitoka Japani Julai 1983. Mpaka inatufikia sisi ilikuwa imeshapita viwanda vya Taiwan na China ikapewa majina mapya. Taiwan kulikuwa na Micro Genius. China kulikuwa na Subor, ambayo Jackie Chan mwenyewe aliipigia debe kwenye matangazo. Warusi walipata Dendy mwaka 1992, mpaka leo wakubwa wa kule wanaililia. Sisi tuliita tu TV gemu, maisha yakaendelea.

Ndani ya kaseti moja ulikuta Kontra, Mario, Circus, Islander na Tank. Hii ya mwisho jina lake la kweli ni Battle City, ya Namco, 1985. Mnacheza wawili, mnalinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali. Risasi ya mwenzako ikikupata haikuui, inakugandisha tu pale ulipo huku maadui wanakuja. Urafiki mwingi uliyumba kwa hilo. Halafu kuna sehemu unajenga ramani yako mwenyewe, unaweka matofali, maji, majani na chuma unavyotaka. Mtoto wa miaka tisa anachora mtaa wake kwenye TV, mwaka ambao hakuna hata mtu mmoja mtaani kwao mwenye kompyuta. Hilo ni jambo zito, tusilichukulie poa.

Na wazo lenyewe la kaseti, kwamba unachomoa gemu moja unachomeka nyingine, lilifika sokoni kwa kazi ya mtu mweusi. Anaitwa Jerry Lawson, injinia wa Marekani aliyeongoza kikosi kilichotoa Fairchild Channel F mwaka 1976. Alifariki 2011. Kila ukiipiga kaseti kofi ndogo iingie vizuri, unagusa kazi yake.

Sasa twende mezani.

Mafundi wa Kariakoo hawajiiti watunza kumbukumbu, ila ndiyo kazi wanayoifanya. Zama Aggrey, kunja Likoma, pita kwenye makabati ya vioo ya simu mpaka ukutane na meza yenye mita, pasi ya kulehemu, kopo la spiriti na lundo la vimeo. Mimi nilimpelekea fundi mmoja TV gemu niliyoiokota kwa mtu wa chuma chakavu. Ganda limekuwa njano kama meno ya mvuta sigara, tundu la kaseti limejaa vumbi, haiwaki.

"Fundi, hii imekufa?"

"Haijafa, mdogo wangu. Imekosa tano."

Alikuwa anamaanisha volti tano. Mashine hizi zinakula volti 9 kutoka kwenye adapta, halafu kuna kitu kidogo chenye miguu mitatu, namba yake 7805, kinashusha mpaka 5 ambazo ndizo chipu inazitaka. Hicho ndicho kinachoungua mara nyingi, na bei yake ni ya chai. Alichomoa cha zamani, akapiga risasi kwenye miguu ya kipya, akapima. Tano kamili. Kisha akanionyesha kapasita mbili zilizovimba kichwa, akazibadilisha hapohapo.

Ukifungua mashine ya namna hii usishangae kukuta bodi tupu. Vitu ambavyo Nintendo walivitawanya kwenye chipu kadhaa, Wachina walivibana kwenye moja, wakaimwagia gundi nyeusi juu. Likifa hilo doa jeusi, basi tena, hakuna fundi wa kulifufua. Ndiyo maana nawaomba mpime adapta kabla ya kuchomeka. Kwenye Famicom na kopi zake nyingi, ncha ya katikati ya adapta ni hasi, wakati adapta nyingi za kawaida ni chanya. Ukibahatisha unaweza kuunguza kitu ambacho hakitengenezeki tena.

Tundu la kaseti lina meno 60. Dar ina chumvi hewani, na ukikaa karibu na Feri kule Kivukoni unajua kutu inavyokula bawaba za madirisha. Meno ya kaseti nayo yanaliwa hivyohivyo. Ile ya kupuliza kwa mdomo tuliyoirithi wote iacheni, mate ni maji na maji yanaleta kutu. Chukua ufutio wa shule, sugua meno ya kaseti taratibu, pitisha pamba yenye spiriti, acha ikauke. Thinner msiiguse. Wana wengi wa simu wanaitumia kusafishia bodi, ila ikidondokea ganda inayeyusha plastiki na maandishi yanaondoka nayo.

Unjano wa ganda nao unatoka. Dawa iko Kariakoo, tena kwenye maduka ya vifaa vya saluni: krimu ya peroksaidi ya asilimia 12, ile wanayochanganyia rangi ya nywele. Vua ganda lote, toa skrubu na vyuma, osha kwa sabuni, vaa glavu. Paka krimu sawasawa, funga na nailoni ya jikoni isikauke, anika juani. Jua letu ni kali kwa hiyo kaa nayo karibu, igeuze, ongeza krimu panapokauka, maana ikikauka sehemu moja inaacha mabaka ambayo hayafutiki. Geto zima litanuka saluni. Vumilia.

Kitu kimoja tu usikisafishe: maandishi ya mkono. Hiyo mashine yangu, kwa chini, kuna mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito "USIGUSE BILA RUHUSA". Herufi za mtoto, R imegeukia upande mwingine. Kwa mnunuzi wa Ulaya hilo ni doa linaloshusha bei. Kwangu ndiyo sababu ya kuitengeneza. Mtu alikuwa na kitu kimoja cha thamani duniani, na alikuwa na wadogo zake.

Mashine ikishawaka, inataka TV yake, na hapa ndipo tunapopoteza vibaya. TV chogo zinakufa kwa kasi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar, ving'amuzi vikashika hatamu, na baada ya hapo kila mtu akataka flati ya ukutani. Chogo zikaenda uani, kuku wakalalia. Lakini gemu hizi zilitengenezwa kwa kioo kile. Chukua bunduki ya kupigia bata, gemu ya Duck Hunt ya 1984. Ukivuta kifyatulio, kioo kinazima kuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata kinatokea kisanduku cheupe. Bunduki haitoi kitu, ina jicho la kuona mwanga. Ikiona ule weupe kwa wakati uleule inaoutarajia, umepiga. Flati inachelewa kidogo kuonyesha picha, na kuchelewa huko kunatosha jicho kukosa kila kitu. Unaweza kuwa na bunduki nzima, kaseti nzima, mashine nzima, na usiue bata hata mmoja mpaka ufe.

Ila chogo usiifungue mwenyewe. Pale nyuma, waya unaotoka kwenye flaibaki kwenda kwenye kioo unabeba volti elfu ishirini na zaidi, na kioo kinaweza kushikilia moto hata baada ya kuchomoa ukutani. Mpe fundi mkongwe wa TV. Wapo wachache, na wengi wao vijana hawakai nao kujifunza. Hilo linaniuma kuliko bei ya kitu chochote.

Kuhusu PlayStation sitaongea sana, wana wanazijua. PS1 ilitoka Japani Desemba 1994, PS2 Machi 2000, na hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuuzwa kuishinda PS2, imepita milioni 150. Winning Eleven ndiyo iliyojaza mabanda ya gemu ya kitaa. Mambo mawili tu. Mtumba wa moja kwa moja kutoka Japani umetengenezwa kwa volti 100, na ukuta wetu unatoa 230, kwa hiyo soma nyuma ya mashine kabla hujauza sura. Pili, lenzi ikichoka kuna mafundi wanaongeza nguvu kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo pembeni yake. Itasoma, utafurahi, halafu itaungua moja kwa moja. Safisha kwanza, ikigoma badilisha lenzi. Na zile PS1 za mwanzo ambazo tulizicheza zimegeuzwa kichwa chini ili zisome, hazikuwa na mashetani: joto lilikuwa linachosha plastiki ya reli ya lenzi.

Kadi za memori nazo zisafisheni, zikaguliwe kabla hazijafutwa. Ya PS2 ina megabaiti 8 tu, ila humo kuna ligi za banda zima, timu zilizobatizwa majina ya mitaa, wachezaji waliopewa majina ya masela ambao wengine hatunao tena. Juzi nimemwona dogo anauza kadi kumi pamoja, kila moja ameshaifuta "ili ziwe mpya". Nilikosa la kumwambia.

Marekani taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti mwaka 2023 ikaonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka huko kabla ya 2010 hazipatikani tena kihalali sokoni. Hao ni watu wenye makumbusho na mawakili. Kaseti zetu za feki hazimo hata kwenye hesabu hiyo. Hakuna kampuni itakayozirudisha, kwa sababu hakuna kampuni itakayokubali kwamba ilizitengeneza. Wenye kuzitunza ni sisi tu. Na tusizilundike sehemu moja. Kariakoo tuliliona soko kuu likiungua tarehe 10 Julai 2021, tunajua moto unavyofanya kazi. Piga picha kila kitu, mwachie mwenzako nakala.

Pale Kivukoni, Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa wanatunza fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari waliyopanda viongozi wetu. Safi kabisa, nendeni mkaone. Nawaomba wakubwa wa pale watenge kabati moja kwa ajili ya kizazi cha 1994 na kuendelea: TV chogo inayowaka, mashine ya kopi, kaseti ya njano, benchi la mbao, na pedi mbili ambazo mtoto wa shule anaruhusiwa kuzishika.

Na wewe unayesoma, fungua stoo wikiendi hii. Kama kuna TV gemu, usiipeleke kwa wa chuma chakavu kabla hujaandika kwenye karatasi ilinunuliwa mwaka gani, duka la mtaa upi, na nani walikuwa wanaicheza. Karatasi hiyo ibandike chini ya mashine. Kama una chogo inayowaka na huna pa kuiweka, ulizia mafundi wa Kariakoo. Wanaoitaka wapo.