Kompyuta Kuukuu Haihitaji Windows Kuukuu

Mwenye kompyuta mpakato ya zamani anapoipeleka kwa fundi, iwe Mwanga, Ujiji au karibu na stesheni ya reli mjini Kigoma, ombi lake mara nyingi ni fupi: "Nipigie Windows 7, hii imekuwa nzito." Ombi hilo lina mantiki. Kompyuta nyingi zilizo mikononi mwa watu ni mtumba wa miaka kumi au zaidi, zenye RAM ya GB 4 au pungufu na diski ya kuzunguka, na zikiwekewa Windows 10 huchukua dakika kadhaa kuwaka. Mwenyewe anakumbuka ilivyokuwa nyepesi zamani, anaona dawa ni kurudi kulekule. Mimi nasema kurudi huko ni kosa kwa yeyote anayeingia intaneti, na kwamba kompyuta hiyohiyo inaweza kupata wepesi wake kwa njia iliyo salama zaidi.

Mfumo endeshi hautengenezwi mara moja ukaisha. Kila mwezi hugunduliwa mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia, na aliyeutengeneza hutoa viraka vya kuiziba. Kwa watumiaji wa kawaida, Microsoft iliacha kutoa viraka vya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na vya Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Umuhimu wa viraka tuliuona Mei 2017, pale programu haribifu ya WannaCry iliposambaa kwa siku chache katika nchi takriban 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Nyingi ya kompyuta zilizopigwa zilikuwa za Windows 7. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, na waliokuwa wamekiweka walisalimika. Anayepiga Windows 7 leo hana kiraka cha kusubiri. Hata kivinjari cha Chrome kiliacha kuhudumia mfumo huo mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho.

Tutazame pia kazi yenyewe mezani kwa fundi. Anachomeka flashi, anawasha kompyuta huku akibonyeza F12 au kitufe kingine kulingana na aina ya mashine, kisha anachagua kuanzia kwenye flashi. Kwa kompyuta za kuanzia kizazi cha sita cha Intel, mara nyingi mambo hukwama hapo: Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva za USB 3.0, kwa hiyo kipanya na flashi yenyewe huweza kutotambuliwa. Akivuka kikwazo hicho, bado atatafuta draiva za Wi-Fi na za sauti. Ikiwa nakala haina leseni, kinachofuata ni kuikraki, na programu za kukraki kwa kawaida hudai antivirasi izimwe kwanza. Mteja anaondoka na kompyuta iliyofunguliwa mlango na mtu asiyemjua, na ndiyo atakayoitumia kuingiza nywila ya barua pepe na ya benki.

Ziwa letu lina mfano mzuri wa kutunza chombo cha zamani. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, ikafungwa injini za dizeli. Bodi lilibaki lilelile, injini ikawa ya wakati wake. Kompyuta kuukuu nayo itendewe hivyo. Kwanza, iondolewe diski ya kuzunguka iwekewe SSD, kwa kuwa uzito mwingi unaolaumiwa Windows hutokana na diski hiyo. Pili, iwekewe mfumo mwepesi unaoendelea kuhudumiwa. Linux Mint ya Xfce, kwa mfano, hudai RAM ya GB 2 tu, haina malipo, na matoleo ya 22 yatapata viraka hadi 2029. Wala Linux si ngeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004.

Wapo watakaosema kompyuta zao haziingii intaneti. Kama ni kweli kabisa, kwa mfano mashine inayoendesha kifaa kimoja cha maabara, Windows 7 ibaki. Lakini kompyuta inayopokea flashi za kila mteja wa steshenari, au inayounganishwa na simu mara moja kwa wiki, haimo katika kundi hilo. Wengine watauliza kuhusu bando. Faili la Linux Mint ni takriban GB 3, ila fundi akilipakua mara moja anaruhusiwa kisheria kuliweka kwenye kompyuta mia. Pingamizi zito zaidi ni la programu: LibreOffice, programu za ofisi za Linux Mint, hufungua mafaili ya Word, ila mpangilio wa kurasa huweza kuhama, na baadhi ya programu za uhasibu hutaka Windows. Mwenye kazi za namna hiyo abaki na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini ajiandikishe kupata viraka vya ziada vya mwaka mmoja, akijua kwamba huo ni muda wa kujipanga. Windows 11 haimfai, kwani rasmi hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi.

Basi kabla hujamkabidhi fundi kompyuta yako, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, zikiwemo za Desktop, maana akifomati zinafutika. Mwombe akuwashie Linux kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa kwa macho yako. Kisha, kwa mfumo wowote atakaopendekeza, muulize swali moja: viraka vyake vinakoma mwaka gani? Kama mwaka huo umekwisha kupita, kataa.