Kumhadaa Bata Wakati wa Upepo

Huko Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, wawindaji huweka majini sanamu za bata, ili bata wa porini wakiziona watue karibu. Hila hii ni ya kale: mwaka 1924 sanamu za matete, zenye umri wa miaka 2,000 hivi, zilifukuliwa katika pango la Lovelock, Nevada.

Upepo ukivuma sana, kila sanamu hufungwa chubwi zito kwa kamba ndefu, isichukuliwe na mawimbi. Bata hutua akiukabili upepo. Kwa hiyo mwindaji huupa upepo mgongo, na mbele yake huacha nafasi wazi kati ya sanamu, ndege wapate pa kutua. Mashua nayo isijazwe kupita kiasi: bata watarudi kesho, lakini aliyezama katika maji ya baridi harudi.