Kizuri Chajiuza? Niliyoyaona Naivasha

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeishi nayo tangu utotoni mwangu Mombasa, lakini juzi huko Naivasha ilinibidi niitazame upya.

Nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu, ambaye huchuma maua katika shamba moja kando ya ziwa na anakaa Karagita. Baada ya sala ya alasiri alinipeleka kwenye kibanda cha mabati. Ndani vijana walijazana mbele ya televisheni mbili, wachezaji wameshika padi, wakicheza kandanda ya gemu kwa makelele. Akaninong'oneza: "Mjomba, nimeweka akiba miaka miwili. Nataka kununua mtambo kama huu nifungue kibanda changu. Huu umeuzwa dunia nzima, hauwezi kunitia hasara."

Hapo ndipo lilipo kosa, msomaji mpenzi. Mauzo ya dunia ni jambo moja, faida ya mtu ni jambo jingine.

Tazama kampuni ya Sega ya Japani. Mwaka 1998 ilitoa mtambo uitwao Dreamcast. Ulikuwa mzuri, tena uliweza kuingia katika intaneti kwa waya wa simu. Hata hivyo iliuzwa kiasi cha milioni 9 tu, na mwaka 2001 Sega ikaacha kabisa kazi ya kutengeneza mitambo. Mshindani wake, PlayStation 2 ya Sony, alitoka mwaka 2000. Huyo alicheza gemu, akaonyesha filamu za DVD, na akapokea diski za mtambo uliomtangulia. Mnunuzi aliona amepata vitu vitatu kwa bei moja, na iliuzwa zaidi ya milioni 150. Kizuri, basi, hakijiuzi peke yake.

Wala wingi wa mauzo si faida. PlayStation 3 ya mwaka 2006 iliuzwa zaidi ya milioni 80, lakini mwanzoni Sony ilikuwa ikiuuza mtambo huo chini ya gharama ya kuutengeneza. Wenye viwanda hutaraji kufidia hasara ya mtambo kwa mapato ya diski. Mwenye kibanda hana diski za kuuza, anauza dakika.

Nikamwambia mpwa wangu tufanye hesabu. Mtambo uliotumika aliambiwa shilingi 30,000, na mechi moja hulipwa shilingi 20.

"Basi," nikasema, "mechi 1,500 zitachezwa kabla hujarudisha fedha yako, na hapo hujalipa kodi, umeme wala padi zinazovunjika. Na mechi hulipwa na nani?"

"Anayefungwa, Mjomba. Humlipia na mwenzake."

Hilo sikulipenda hata kidogo, maana lanuka kamari. Nikamsihi, akifungua chake, kila kijana alipe nusu yake, na mwanafunzi asiingie saa za masomo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akamwomba mwenye kibanda amruhusu kukaa pembeni jioni zake za juma zima, ahesabu mechi kwa macho yake. Mwenyewe akacheka, akakubali.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nilipopanda matatu kurudi, mpwa wangu alikuwa keshanunua daftari. Mtambo bado.