Oda ya Serikali Kwanza

Haya, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina kiwanda cha vipuri vya magari katika mji wa Kokomo, jimbo la Indiana, Marekani, na yaliyotokea humo ni ya kweli.

Machi 2020 korona ilikuwa imeingia Marekani kwa kishindo. Hospitali za New York zilijaa wagonjwa walioshindwa kuvuta pumzi, na madaktari wakaanza kuhofia kuishiwa mashine za kupumulia. Palikuwa na kampuni ndogo, Ventec, iliyojua kuziunda vizuri, ila kwa mwezi mzima haikuweza kutoa hata elfu moja. General Motors, ile kampuni kubwa ya magari, ilikuwa na majengo, mafundi, na watu waliozoea kusaka vipuri kila pembe ya dunia. Wakashikana mikono. Wakiwa tayari wameanza maandalizi, tarehe 27 mwezi huo Rais Donald Trump akatoa agizo: General Motors ipokee oda ya serikali ya mashine za kupumulia, na iitangulize.

Najua mmoja wenu ataniuliza: kwani kiwanda ni cha serikali? Rais anaanzaje kumwambia mtu atengeneze nini kwenye kiwanda chake mwenyewe?

Kiwanda si cha serikali. Ila ipo sheria ya zamani, Sheria ya Uzalishaji kwa Ulinzi, iliyotiwa saini na Rais Harry Truman Septemba 1950, vita vya Korea vikiwa havijatimiza hata miezi mitatu. Walioitunga walikuwa wanafikiria chuma, ndege na mizinga. Miaka ilivyokwenda, Bunge likapanua maana ya ulinzi mpaka ikachukua na majanga mengine.

Sasa mfikirieni fundi cherehani katika kumi la mwisho la Ramadhani. Vitambaa vimerundikana hadi dirishani, kila mteja ameshatoa kianzio na kila mteja anataka nguo yake kabla ya Idi. Mara mtaani kunatokea msiba, na sanda inahitajika kabla ya alasiri. Fundi anasukuma kanzu zote kando, anashughulikia sanda. Sheria ile hufanya kazi hiyo hiyo, ila fundi haachiwi hiari. Hawezi kukataa bila sababu inayokubalika kisheria. Cherehani inabaki yake, ujira wake analipwa, na mwenye kanzu iliyochelewa hawezi kumshinda mahakamani akamtoza fidia, maana fundi alikuwa anatii sheria.

Kwenye makaratasi mambo ni makavu zaidi. Oda ya namna hii hupewa alama ya herufi mbili, DO au DX. Yenye DX huipita yenye DO, na yenye DO huipita kila oda isiyo na alama. Utamu uko hapa: kiwanda kilichopokea oda yenye alama nacho huibandika alama hiyo hiyo kwenye oda zake kwa wauzaji wa waya, mipira na vali, na hao huipeleka kwa wauzaji wao. Mashine ya kupumulia ina mamia ya vipande. Kikikosekana kimoja tu, kile kidogo kuliko vyote, hamna mashine.

Kokomo waliahidi mashine 30,000 kwa mkataba wa dola milioni 489.4, na kufikia mwanzo wa Septemba walikuwa wamemaliza. Kufikia hapo madaktari walikuwa wamejifunza njia nyingine za kuwasaidia wagonjwa, na mashine nyingi zikaishia kwenye ghala la taifa. Wapo walionung'unika kwamba fedha zimepotea. Mimi sioni hivyo. Machi hakuna aliyejua Septemba itakuwaje.

Msidhani lakini kwamba rais akishasema dharura basi kila mlango unafunguka. Mwaka 1952 wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma, na Truman, yule yule aliyetia saini sheria, akaamuru serikali ivishike viwanda vyenyewe. Hakuitegemea sheria ile. Alidai urais wake unamtosha. Mahakama ya Juu ikamwambia haumtoshi, majaji sita kwa watatu, na viwanda vikarudi kwa wenyewe.

Tena kila anayewekwa mbele ya foleni kuna aliyerudishwa nyuma. Aprili 2020 serikali iliitaka kampuni ya 3M iache kupeleka barakoa zake Kanada na Amerika ya Kilatini. Kampuni ikakataa, ikisema hospitali za huko zinazitegemea. Siku chache baadaye wakapatana: 3M ingeingiza Marekani barakoa milioni 166.5 kwa miezi mitatu, nyingi kutoka kiwanda chake cha China, na majirani wangeendelea kupata zao.

Mwezi huo huo ikaja zamu ya nyama. Huko Sioux Falls, South Dakota, kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Smithfield chenye wafanyakazi wapatao 3,700 kilifungwa baada ya mamia yao kuambukizwa. Wataalamu wa afya wa serikali waliokwenda kukikagua waliandika kwamba humo zinazungumzwa lugha kama 40, na Kiswahili kimo katika kumi zinazoongoza. Naam, Kiswahili hiki hiki, katikati ya visu na baridi ya vyumba vya nyama, watu wamesimama bega kwa bega. Aprili 28 Trump akatia saini amri, akitumia sheria ile ile ya 1950, akitaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi.

Basi je, mchinjaji naye alilazimishwa kurudi? Kifungu kinachompa rais nguvu ya kutanguliza oda kimeitaja mikataba ya ajira kwa jina na kuiweka kando. Oda ya nyama inaweza kusogezwa mbele kwa amri; mtu hawezi kushikwa mkono nyumbani kwake akapelekwa kazini. Ila asiyekwenda kazini hana mshahara, na kodi ya nyumba anadaiwa vile vile, korona iwepo isiwepo. Mwezi Mei Smithfield ilianza kufungua milango kidogo kidogo, na wengi walirudi.