Ella Fitzgerald alivyozipa uhai mpya nyimbo za Cole Porter

MAPEMA mwaka 1956 mwimbaji Ella Fitzgerald aliingia studio mjini Los Angeles, Marekani, kurekodi nyimbo 32 za mtunzi mmoja, Cole Porter. Kazi hiyo ilitolewa mwaka huohuo katika santuri mbili, na mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kinachowashangaza wengi wanaozisikiliza santuri hizo kwa mara ya kwanza ni uchache wa manjonjo. Ella alikuwa amekwisha kujijengea sifa ya kuimba bila maneno, akiigiza tarumbeta na saksafoni kwa ulimi wake. Hapa anaimba nyimbo karibu kama zilivyoandikwa. Ndiyo maana tangu wakati huo wapenzi wa muziki wamekuwa wakibishana: je, anayeuimba wimbo kama ulivyo ameufasiri, au ameusoma tu kwa sauti nzuri?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno jazi lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Bendi kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilibeba jina hilo, lakini muziki wake ulikuwa dansi. Jazi ya Ella ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo mwanamuziki huchukua wimbo unaofahamika na kuugeuza papo hapo, mbele ya wasikilizaji. Mtunzi hutoa kitambaa, mwimbaji akakata na kushona.

Kitambaa hicho, kwa kiasi kikubwa, kilitoka Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho jijini New York. Porter alikuwa mmoja wa mafundi wake wakubwa. Alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Peru, jimbo la Indiana, kwenye familia yenye mali, akasoma Chuo Kikuu cha Yale na kuishi kwa anasa Ulaya. Tofauti na watunzi wengi wa zama zake, ambao mmoja aliandika muziki na mwingine maneno, yeye alifanya yote mawili. Matokeo yake ni nyimbo zenye mzaha wa kitajiri, vina vya kushtukiza na huzuni iliyofichwa chini ya tabasamu.

Ella alitoka upande mwingine kabisa wa nchi hiyohiyo. Alizaliwa mwaka 1917 Newport News, Virginia, akafiwa na mama angali binti mdogo, akahangaika katika mitaa ya Harlem kabla ya kushinda shindano la wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo mwaka 1934. Miaka minne baadaye alivuma na wimbo wa kitoto, “A-Tisket, A-Tasket”, akiwa na bendi ya Chick Webb. Kampuni iliyomrekodi iliendelea kumpa nyimbo nyingi za aina hiyo hadi miaka ya 1950, nyepesi na za kupita.

Aliyeona kwamba kipaji hicho kilikuwa kinapotea bure ni Norman Granz, meneja wake, ambaye alianzisha kampuni ya Verve na kuizindua kwa santuri hizi za Porter. Wazo la kumpa mtunzi mmoja santuri nzima halikuwa geni. Mwimbaji Lee Wiley alikwisha kulijaribu tangu mwaka 1939, na Ella mwenyewe aliimba Gershwin mwaka 1950 akisindikizwa na piano tu. Jipya lilikuwa ukubwa wake. Kijana wa miaka 25, Buddy Bregman, alipewa okestra nzima kuipangia muziki.

Ustadi wa Ella unaanzia mahali ambapo wengi hawaangalii. Nyimbo za Broadway zilikuwa na kipande cha utangulizi, kilichomtoa mwigizaji polepole kwenye mazungumzo na kumwingiza kwenye uimbaji. Bendi za dansi zilikikata, kwa kuwa hakichezeki. Ella alivirudisha vingi vya vipande hivyo. Anayeufahamu “Night and Day” kwa kuusikia ukumbini huenda hakuwahi kujua kwamba unaanza kwa noti moja inayodundwa tena na tena, kama ngoma ya mbali, ndipo mapenzi yatajwe. Bila mlango huo, wimbo ni malalamiko ya mpenzi. Ukiwapo, ni mtu anayeishi na sauti isiyonyamaza kichwani mwake.

Jambo la pili ni matamshi. Porter ni mtunzi wa maneno yaliyobanana, na mwimbaji akimeza silabi moja, kichekesho hufa. Kila neno la Ella linasikika, hata katika mwendo wa kasi.

“Begin the Beguine”, wa mwaka 1935, una vipimo 108 vya muziki, wakati nyimbo nyingi za zama hizo zilikuwa na 32. Ni safari ndefu ambayo mwimbaji mwenye pupa humaliza pumzi kabla ya kilele. Ella anautembea bila haraka. Katika “Ev'ry Time We Say Goodbye”, wa mwaka 1944, kuna mahali ambapo maneno yanataja muziki kugeuka kutoka meja kwenda maina, yaani kutoka mwangaza kwenda kivuli, na muziki wenyewe unageuka hapohapo. Kishawishi cha mwimbaji ni kulia kidogo ili msikilizaji asipitwe. Ella halii. Anaiacha noti ifanye kazi yake, na huenda hapo ndipo jibu la ule ubishi linapoanza kuonekana: kujizuia nako ni uamuzi wa msanii.

Uamuzi huo unakuwa mzito zaidi katika nyimbo mbili ambazo Porter hakuziandika akimfikiria mtu kama yeye.

“Love for Sale”, wa mwaka 1930, ni sauti ya mwanamke anayeuza mwili wake barabarani. Ulipoimbwa Broadway na mwigizaji mzungu, wakosoaji walikasirika na vituo vya redio vikakataa kupiga maneno yake. Dawa iliyopatikana ni ya kusikitisha: mandhari ya onyesho ilihamishiwa Harlem na wimbo akapewa mwimbaji mweusi, Elisabeth Welch. Aibu ile ikaonekana kuvumilika ilipovishwa ngozi nyeusi. Miaka 26 baadaye Ella aliuimba bila kuona haya na bila kutia chumvi, na mwanamke yule akawa mtu anayestahili kusikilizwa.

Wa pili ni “Miss Otis Regrets”, wa mwaka 1934. Mtumishi anamwarifu bibi mmoja, kwa adabu zote, kwamba mgeni wake wa chakula cha mchana hatafika. Hatua kwa hatua tunaelewa sababu: mgeni huyo amemuua mpenzi aliyemhadaa, na umati umemtoa gerezani na kumnyonga mtini. Porter aliuandika kama mzaha wa kuwachekesha marafiki. Katika rekodi ya Ella okestra inaondoka, anabaki yeye na piano ya Paul Smith.

Wakati wake haupaswi kusahauliwa. Mwezi Agosti 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa na wazungu huko Mississippi, na baraza la wazungu watupu likawaachia washtakiwa. Oktoba mwaka huohuo, mjini Houston, Texas, polisi walivamia chumba cha Ella nyuma ya jukwaa na kumkamata yeye, Granz na wanamuziki kadhaa kwa madai ya kucheza kamari. Granz alikuwa amekataa watazamaji weusi na weupe watenganishwe. Waliachiwa kwa dhamana wakarudi kuendelea na onyesho, na baadaye mashtaka yalifutwa. Miezi michache tu ilipita kabla ya mwanamke huyo kuimba, kwa sauti ya mtumishi mwenye adabu, habari za umati na mti. Hakubadili neno. Hakuhitaji.

Wapo waliomlaumu, na hoja zao si za kupuuzwa. Walisema Ella ni mchangamfu mno na kwamba Billie Holiday, mwenye sauti ndogo na iliyochakaa, angezikamua machozi nyimbo hizo. Wengine waliuona upangaji wa Bregman kuwa mkavu, na katika nyimbo za kasi ala za shaba kweli zinapiga kelele kuliko inavyotakiwa. Lakini Holiday aliugeuza kila wimbo kuwa habari zake mwenyewe. Ella alijiondoa ili habari za wimbo zisikike.

Kwamba hakushindwa kufanya zaidi, ushahidi upo. Katika onyesho la Berlin Magharibi, Februari 1960, aliimba “Too Darn Hot” ya Porter kwa moto ambao haumo katika rekodi ya 1956, na usiku huohuo aliposahau maneno ya “Mack the Knife” alijitungia mengine palepale.

Baada ya Porter alirekodi vitabu vingine saba vya nyimbo, cha mwisho kikiwa cha Johnny Mercer mwaka 1964, mwaka aliofariki Porter. Ella alifariki mwaka 1996. Nyimbo zenyewe zimeendelea kutafuta sauti mpya: mwaka 2021 Tony Bennett na Lady Gaga walitoa albamu nzima ya Porter. Baadhi yake sasa ni mali ya umma nchini Marekani, ukiwamo “Let's Do It” wa mwaka 1928, ambao tangu Januari 2024 yeyote anaweza kuuimba bila kulipa. Rekodi ya Ella ya wimbo huohuo italindwa na sheria za nchi hiyo hadi mwisho wa mwaka 2066.